Kabla hujailaumu damu ya mtoto, tazama saa

Ukianza kazi ya kupima vipokezi, yaani protini zilizo juu ya chembe na kupokea ujumbe, katika damu ya watoto wachanga kwenye maabara zetu za hapa Kisumu, utafundishwa mashine wiki nzima. Mimi nitakwambia habari ya saa.

Mwezi wangu wa kwanza nilipima kipokezi cha G-CSF. Hiyo ni protini inayoushurutisha uboho utengeneze neutrofili, askari wanaotangulia kufika penye bakteria, na neutrofili zenyewe hubeba kipokezi chake. Watoto wote sita walitoka chini kuliko watu wazima. Nikaanza kuwazia bango la kongamano. Mkuu wangu, mama asiye na maneno mengi, akauliza tu: "Damu hii ilifika saa ngapi?"

Ilikuja usiku, ikalala mezani hadi asubuhi. Ya watu wazima niliwatoa wenzangu saa nne, nikaipima saa tano. Nililinganisha kiporo na chakula cha moto.

Neutrofili hazina maisha marefu, na zikikaa chupani huamka. Ikishaamka, chembe humeza au hukata baadhi ya vipokezi vyake. Sasa sipimi bila kuweka kando CD62L, protini ya juu ya neutrofili ambayo hukatwa chembe ikiamka: ikishuka kupita kawaida, nashuku safari kabla ya kumshuku mtoto. Na damu ya mtu mzima nailazimisha isubiri saa zilezile. Joto nalo usilichezee. Kuipoza damu kisha kuipasha kunaziamsha chembe, basi chagua kiwango kimoja ukishike, hata kama sanduku limefungwa nyuma ya boda kwenye jua la saa nane.

Wodini, chukua damu ya kamba ya kitovu, usimtoe mtoto mwenyewe. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 240 hivi tu mwilini. Futa kitovu kwanza, maana nje kimepakaa damu ya mama, halafu choma vena kwa sindano. Usikamue. Andika kama mama alijifungua kwa kawaida au kwa upasuaji, kwa sababu uchungu wenyewe huongeza neutrofili. Haya yote yako mikononi mwa sista wa zamu ya usiku, kwa hiyo msalimie hata siku ambayo huna haja naye.

Chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, yatosha kuhesabu vipokezi. Ukitaka kuona kama vinafanya kazi, tumia ya kijani, yenye heparini, kwani EDTA hunyang'anya chembe kalsiamu.

Jambo lililonitesa zaidi ni chembe nyekundu changa. Kwa mtoto mchanga baadhi bado zina kiini, hazipasuki upesi kwenye dawa ya kupasulia chembe nyekundu, na mashine huzidhania limfosaiti, aina ya chembe nyeupe. Weka CD45, alama ya chembe nyeupe: chembe nyeupe zitaionyesha, hizo hazitaionyesha.

Wale sita wa kwanza bado wamo daftarini mwangu, safu ya saa ikiwa tupu.