Bogenvilia yako ina majani tu? Hebu angalia chini ya chungu

Miaka miwili mizima nilifuga bogenvilia ya majani. Yaani kijani kimekolea, matawi yanamwagika ukutani mpaka raha, ila ua hata moja hakuna. Na mi ndo nilikuwa naihudumia kupita kiasi, maji asubuhi, maji jioni, samadi kila mwezi, wakati ya jirani inapewa maji siku wakikumbuka na imejaa pinki mpaka majani huyaoni, nikawa nahisi kuna kitu wananificha.

Siku moja nataka kufagia nyuma ya chungu, nakivuta hakisogei. Nikavuta kwa nguvu, nikasikia ta! Kumbe mizizi ilishapenya kwenye tundu la chini ikazama ardhini, mwenzangu kahama zamani, chungu ni pambo tu. Mizizi ikakatika, ndani ya wiki majani yote chini, ikabaki miti na miiba. Kwa hasira nikaitelekeza, maji mara mojamoja. Baada ya wiki kama sita naona machipukizi, na kwenye ncha zake rangi!

Nilivyokuja kuelewa ni kwamba huu mmea asili yake Amerika Kusini, unavumilia ukame vizuri tu, na mizizi ikibanwa na udongo ukawa unakauka kabla hujamwagia tena, ndo unachanua. Ukiupa maji mengi na mbolea yenye nitrojeni nyingi unakupa majani, basi. Sasa hivi kabla ya kumwagia nachomeka kidole kwenye udongo, nikikuta unyevu naacha. Na jua lisipungue saa sita kwa siku, jua lenyewe sio mwanga wa dirishani, kama huna sehemu ya jua tafuta ua lingine tu usijisumbue.

Ila jamani msiende kukata mizizi makusudi, mi nilibahatika. Mizizi ya bogenvilia ni laini sana, wengi wanaiua siku ya kuihamisha kwa sababu wanaung'oa mche na kukung'uta udongo. Chana mfuko taratibu na wembe, ingiza mche na udongo wake vilevile. Halafu chungu kiweke juu ya matofali, maji yatoke na mizizi isitoroke.

Kukatia matawi nilikuwa naogopa, naona kama naharibu, kumbe maua yanatoka kwenye matawi mapya. Duru moja ya maua ikiisha napunguza matawi marefu, kama theluthi hivi. Vaa glavu nzito, ile miiba haina utani. Na kama unataka ipande ukutani itabidi uifunge na kamba, maana haina vikono vya kujishikiza kama mimea mingine inayotambaa, mi ya kwangu nimeiacha ining'inie tu.

Kitu kingine kilichonishangaza, zile rangi tunazoita maua sio maua, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, mara nyingi yako matatu. Ndo maana rangi inakaa wiki kadhaa wakati maua mengine yanakuwa yameshanyauka.

Ukitaka kuongeza miche, kata tawi lililokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu sentimita 15 mpaka 20, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, weka kivulini. Usiwe unalivuta kila siku kuangalia kama lina mizizi, mi nilichomeka sita, nne niliziua kwa kuchungulia. Zilizobaki mbili ziko nje, kila moja juu ya matofali yake.