Re: Springsteen alianzia wapi?
Mkuu umeuliza Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa rock wa Marekani, alianzia wapi na kwa nini watu wa kazi ngumu wanampenda vile. Jamaa kazaliwa 1949, kakulia Freehold, New Jersey, baba ake mara kiwandani mara dereva wa basi mara hana kazi kabisa, mama ake sekretari ndo anashikilia nyumba. Utotoni kamuona mwimbaji Elvis Presley kwenye tivii akachanganyikiwa, 1964 wakaja Beatles, ile bendi ya Uingereza, halafu mama akakopa hela akamnunulia gita la dola 60, hapo mi huwa naguswa sana aisee. Sasa sikiliza wimbo wake wa Factory wa 1978, yule mzee anayeamka alfajiri kwenda kiwandani ni baba ake kabisa, anaimba maisha aliyoyaona mezani kwao.