Trauti wa vijito vya milimani: kazi kubwa ni ya magoti

Kwenye vijito vya juu milimani, samaki wengi hupotea kabla ndoana haijagusa maji. Maji ni maangavu, kina mara nyingi hakizidi magoti, na trauti wa porini, samaki wa maji baridi, hukimbia kila kivuli kwa sababu ndege na fisi maji humwinda tangu utotoni. Ukimwona akichomoka kama mshale kuelekea kwenye mwamba, basi amekwisha kukuona au kukusikia, na kubadilisha chambo hakutasaidia kitu.

Trauti hukaa akitazama mkondo unakotoka, maana chakula kinamjia kutoka huko. Mwendee kutoka chini ya mto, nyuma yake. Vitu vya nje ya maji huviona kupitia duara la mwanga lililo juu ya kichwa chake, na kilicho chini karibu na usawa wa maji humfikia kimebanwa na kufifia. Hapo ndipo magoti yanapopata kazi: umbali wa mita 6, mtu aliyesimama wima yuko wazi kabisa, lakini aliyepiga magoti nyuma ya jiwe ana nafasi nzuri. Angalia pia jua lisitupe kivuli chako, wala cha ufito wako, juu ya kidimbwi. Mawe yanayogongana chini ya buti ni mabaya kuliko sauti ya mazungumzo, kwani mtikisiko husafiri ndani ya maji na samaki huuhisi kwa mstari wa ubavuni, kiungo chake cha kuhisi mitikisiko.

Kidimbwi kianze mkiani, pale maji yanapokusanyika kabla ya kumwagikia chini. Wengi hurukia moja kwa moja kichwani, kwenye povu, kwa kuwa ndiko aliko samaki mkubwa. Kosa hili linaharibu kila kitu: aliyekuwa mkiani anastuka, anakimbilia juu, na wenzake wote wanajificha. Mvue wa nyuma kwanza, au hakikisha hayupo, kisha songa mbele polepole. Sehemu nyingine za kuangalia ni mbele na nyuma ya kila jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, na ule mstari ambapo mkondo wa kasi unapakana na maji yaliyotulia. Samaki husimama kwenye maji ya polepole na kudokoa chakula kwenye ya kasi.

Vifaa visiwe vingi. Ufito wa mita 2 hadi 2.4 unatosha penye vichaka. Kama kijito kiko wazi, mrefu zaidi ni bora kwa sababu unainua mshipi juu ya maji. Uzi mwembamba wa mwisho uwe wa milimita 0.15 hadi 0.18. Nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu, wa namba 12 hadi 16 (ukubwa wa ndoana), mwenye manyoya mengi ili aelee kwenye maji ya fujo, atafanya kazi kubwa ya siku. Trauti hawa hawana muda wa kuchagua sana, kwani maji baridi hayana chakula kingi. Wasipopanda juu, funga kiluwiluwi bandia (ndoana inayoiga mdudu mchanga wa majini) mwenye uzito kwenye uzi wa sentimita 50 chini ya nzi anayeelea. Nzi akizama au akisita ghafla, inua ufito.

Lakini umbo la nzi si kitu kama mwendo wake si sahihi. Nzi halisi huenda na maji. Wa kwako, mshipi ukilala kwenye mkondo wa kasi, hukokotwa na kuacha mchirizi nyuma yake, na trauti hamgusi. Mkiani mwa kidimbwi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu maji yanaongeza kasi pale ukingoni na kunyakua mshipi. Dawa yake ni kusogea karibu ukiwa umeinama, kutupa mita 4 au 5 tu, kisha kuinua ufito ili uzi mwembamba peke yake uguse maji. Ukimpitisha vizuri mara tatu bila jibu, endelea mbele.

Akidonoa, inua kwa kiwiko, wala usinyakue. Uzi wa 0.15 hukatika kwa pupa. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo kabla ya kuanza, ndoana itoke kirahisi. Kama unamrudisha, lowesha mikono kwanza, kwani mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na magonjwa. Usimshike kwenye matamvua. Mshikilie kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka aondoke kwa nguvu zake. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, acha kuvua: oksijeni imepungua, na samaki aliyepigana sana anaweza kufa baada ya kuachiliwa. Msimu wa kutaga, usikanyage mabaka ya changarawe safi inayong'aa kuliko inayoizunguka. Mayai yako humo.

Maji yakibadilika rangi au yakianza kubeba majani na vijiti, toka bondeni mara moja hata kama kichwani pako hakuna wingu, kwani mvua inaweza kuwa imenyesha juu zaidi. Ukivuka, chagua penye upana na kina kifupi, na fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulivua ukianguka.

Buti zisuguliwe na zikaushwe kabisa kabla ya kuingia kijito kingine, kisha ziachwe siku mbili zaidi zikiwa kavu. Mwani na vimelea husafiri kwenye unyevu huo, na ndiyo sababu New Zealand ilipiga marufuku soli za sufi iliyoshindiliwa mwaka 2008: hazikauki upesi.