Rimu za 18 kwa Forester ya njia za mawe? Hapana, shuka hadi 16

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Forester ya 2010, otomatiki, yenye rimu za aloi za inchi 17 na matairi 225/55R17. Karibu kila wiki napita njia za mawe, mchanga na matope. Juzi nilipiga jiwe, rimu moja ya mbele ikapasuka ukingo wa ndani na ya pili ikapinda. Nimepata rimu za 18 zenye matairi 225/45R18, zinavutia sana, ila matundu yake ni 5x114.3. Muuzaji anasema atanipa adapta na zitafunga bila shida. Anasema pia kwamba nikitaka kubana matumizi, ninunue mbili tu za mbele. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa rimu. Usizinunue hizo, si nne wala mbili. Nitakueleza kwa nini, halafu nikuambie cha kutafuta.

Nianze na hili la kununua mbili, kwa sababu ndilo lingekuumiza zaidi, na madhara yake huwezi kuyaona kwa macho. Forester yako inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwenye gia boksi ya otomatiki, kuna klachi ya sahani nyingi zinazolowa kwenye mafuta ya gia, na hiyo ndiyo inayogawa nguvu. Ekseli zote mbili zikizunguka kwa kasi moja, klachi ile inatulia. Zikipishana, sahani zinasuguana.

Sasa piga hesabu. Tairi lako la 225/55R17 (upana milimita 225, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 17) lina kipenyo cha milimita 679 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja unakupeleka milimita 2134. Lile la 225/45R18, licha ya ukubwa wa rimu yake, ni dogo zaidi kwa jumla: kipenyo ni milimita 660, na mzunguko mmoja ni 2073 tu. Ukiweka hayo mbele na kuacha ya zamani nyuma, magurudumu ya mbele yatazunguka mara 14 zaidi ya yale ya nyuma kila kilomita. Safari ya kilomita 50 ni mara 700. Sahani zitasuguana muda wote huo, mafuta yatachemka, na utaanza kuhisi gari likijikaza na kushtukashtuka unapokata kona kali au unapoegesha. Ukifika hapo, bei ya rimu utaiona ndogo.

Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya kina cha kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Tairi jipya lenye kashata za milimita 8 na lililolika hadi milimita 4, hata yakiwa ya saizi moja na kampuni moja, yanatofautiana mzingo kwa milimita 25. Kwa gari la aina hii unanunua matairi manne kwa pamoja, unayahamisha nafasi mara kwa mara yalike sawa, na unayapa upepo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

Tuje kwenye adapta. Gari lako lina stadi 5, yaani bolti za kufungia gurudumu, kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Rimu unazouziwa zina duara la 114.3. Adapta ni bamba nene linalofungwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa nati zake, kisha rimu inafungwa kwenye bamba hilo kwa nati nyingine. Unene wake kwa kawaida ni kama milimita 20 au 25, na milimita zote hizo zinaisukuma rimu nje. Beringi inabebeshwa mzigo kutoka mbali zaidi ya ilivyokusudiwa, usukani unakuwa mzito na kukuvuta kila ukikanyaga shimo, na tairi linaanza kulamba madigadi. Tena zile nati za ndani zimejificha nyuma ya rimu, hutajua zimelegea mpaka ufungue. Kwenye lami tupu kuna watu wanaendesha hivyo miaka. Kwenye mawe, mimi siwezi kumfungia mteja adapta nikalala usingizi.

Usimwamini muuzaji kwa mdomo kuhusu matundu; pima mwenyewe. Rimu yenye matundu 5 haipimiki kwa kuvuka katikati, kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la jirani yake, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 58.8, hiyo ni 5x100, yako. Ukipata 67.2, hiyo ni 114.3. Ukiwa na rula ya chuma au kalipa ya kupimia, ni kazi ya dakika moja.

Sasa nije kwenye ukubwa wenyewe, kwa sababu hata zile za 18 zingekuwa na matundu sawasawa bado ningekukataza. Njia mbovu inakutaka uwe na mpira mwingi na upepo mwingi kati ya jiwe na rimu. Tairi la 225/45R18 lina ukuta wa milimita 101. Lako la sasa lina 124, na bado jiwe limeipata rimu. 215/65R16 lina karibu 140. Huo ukuta ndio unaojikunja jiwe linapogonga, ndio unaotanuka kwenye mchanga ukipunguza upepo, na ndio unaookoa shokapu zako na mgongo wako. Kwa matumizi yako kanuni yangu ni moja: chukua rimu ndogo kabisa inayopita juu ya breki bila kugusa, kisha jaza nafasi iliyobaki kwa mpira.

Kwako wewe hiyo ni 16. Forester za kizazi chako ziliuzwa pia na rimu za 16 zenye matairi 215/65R16, kwa hiyo hubahatishi. Kipenyo chake ni milimita 686, karibu sawa na ulichozoea. Ukitaka gari liinuke kidogo, 215/70R16 lina kipenyo cha 707 na ukuta wa milimita 150. Gari linapanda milimita 14, lakini spidomita itakudanganya: ikisoma 100, wewe uko karibu na 104, na gari litakuwa zito kidogo kwenye mlima. Kabla ya kulipia saizi hiyo, funga tairi moja mbele, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kisha lihamishie nyuma na uangalie nafasi kati yake na kikombe cha springi ya shokapu. Pakipita vidole viwili, endelea. Kisipopita hata kimoja, rudi kwenye 215/65.

Kuhusu 15, wapo wanaozipenda kwa sababu zinatoa ukuta mrefu zaidi. Mimi ningezifunga tu baada ya kuzungusha rimu yenyewe kwa mkono juu ya breki za gari lenyewe. Diski za mbele ni kubwa, na umbo la ndani la rimu linatofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

Baada ya matundu na kipenyo, kuna namba mbili ambazo mafundi wengi wanaziruka. Ya kwanza ni ofseti, ile iliyochorwa ET nyuma ya rimu. Inaeleza uso unaokaa kwenye habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Za gari lako ni ET48. Ukichukua ET38 yenye upana uleule, gurudumu linatoka nje sentimita 1. Kati ya 40 na 48 sina ugomvi nawe. Zikishuka hadi 20 au 25, kama zile za kuonyesha misuli, beringi zitaanza kuunguruma mapema. Upana wa inchi 6.5 au 7 unatosha. Rimu pana inavuta ukuta wa tairi utanuke, na ukingo wake unabaki wazi kwa mawe.

Namba ya pili ni tundu la katikati. Habu ya Subaru yako ni milimita 56.1, na rimu ya kiwandani inaivaa kama kofia. Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutobolewa 73.1 ili zifae magari mengi. Niliwahi kuletewa gari linalotetemeka usukani kila likifika kilomita 80 kwa saa. Magurudumu yalikuwa yamebalansiwa mara tatu, alaimenti imefanywa, hata mikono ya mbele imebadilishwa. Nilipoivua rimu nikapitisha kidole kati ya tundu na habu, na kidole kikazunguka kote bila kizuizi. Rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati peke yake. Pete nne za kujazia, 73.1 kwa nje na 56.1 kwa ndani, zilimaliza kesi yote. Kwa hiyo ukinunua rimu za namna hiyo, hakikisha pete zipo, na chagua za alumini. Za plastiki huweza kuyeyuka kwa joto la breki.

Nati nazo zina umbo. Zako ni M12x1.25, na kichwa cha kukalia rimu kina umbo la pia, yaani koni. Baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, na za Honda hukalia kwa umbo la tufe. Ukifunga nati ya pia kwenye kiti cha tufe, inashika kwenye ukingo mwembamba tu. Utaikaza leo, kesho imelegea.

Chuma au aloi? Kwa anayekwenda mbali na msaada, napenda chuma. Chuma kikigongwa kinapinda, na kilichopinda kinaweza kunyooshwa kwa nyundo hadi tairi lishike upepo na ufike nyumbani. Aloi ya kumimina ikizidiwa inapasuka, kama ulivyoona. Faida ya aloi ni wepesi, na wepesi unasaidia shokapu kulishikilia gurudumu chini kwenye barabara ya matuta madogo madogo. Ukiamua aloi, tafuta alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari madogo, na uzito uliochorwa nyuma. Soma kwenye bamba la gari uzito wa juu wa kila ekseli, gawa kwa mbili. Rimu isiwe chini ya hapo, tena iache nafasi ya kutosha juu yake.

Kuhusu ile iliyopasuka, usikubali ichomelewe. Joto la kuchomelea linadhoofisha aloi pembeni mwa mshono, na ufa unaofuata hutokea hapohapo gari likiwa mwendoni. Iliyopinda kidogo bila ufa inaweza kunyooshwa ikabaki ya akiba.

Ukinunua zilizotumika, dai zivuliwe matairi. Futa ukingo wa ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu upitishe kucha taratibu mzunguko mzima. Ufa ambao macho yanauruka, kucha inakwama hapo. Angalia matundu ya nati kama yamekuwa ya yai. Kisha zizungushwe kwenye mashine ya balansi, na wewe uchuchumae utazame ukingo, si namba za kwenye skrini. Ukingo ukicheza juu na chini kwa zaidi ya milimita 1, achana nayo. Kama zinakuja na matairi, soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Siku ya kufunga, safisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kwa sababu kutu ikibanwa huko ndani hulegeza nati baadaye. Usipake grisi kwenye stadi. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa spana inayopima nguvu, Nm 100 hivi kwa gari lako, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukiingia mchangani unaweza kushusha upepo hadi psi 18 ukienda polepole. Usishuke chini ya 15 kwenye rimu za kawaida, tairi litang'oka ukingoni ukikata kona. Beba pampu, ujaze kabla ya kurudi kwenye lami.

Na jambo ambalo hukuliuliza: nunua rimu 5. Spea yako ya sasa huenda ni ya mzingo mwingine, na ukiifunga porini utarudi kwenye hesabu ile ya mwanzo, safari hii mbali na fundi. Baadhi ya Subaru za otomatiki zina sehemu ya fyuzi yenye maandishi FWD ndani ya boneti, unachomeka fyuzi na gari linavuta kwa mbele tu mpaka utakaporekebisha tairi. Angalia kwenye kitabu cha gari kama lako ni mojawapo. Kisha, kabla hujalipa, jaribu kuilaza ile ya 5 kwenye shimo lake chini ya zulia la buti; 215/65R16 huenda ikainua zulia kidogo, na ni bora ulijue hilo ukiwa bado dukani.