Usibandike libc mpya juu ya ya zamani

SWALI: Seva yetu ya ofisini inatumia Ubuntu 20.04. Programu mpya ya hesabu inagoma kuwaka, inaandika `version 'GLIBC_2.34' not found`. Mwenzangu ananishauri nichukue `libc.so.6` na `ld-linux-x86-64.so.2` za Ubuntu 22.04, nizinakili juu ya zilizopo. Kuna ubaya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Upo, tena mkubwa. Hiyo `ld-linux` ndiyo inayounganisha karibu kila programu na maktaba zake inapoanza, kuanzia `ls` hadi `systemd`. Nayo na libc (maktaba kuu ya mfumo, ambayo kwenye Ubuntu ni glibc) hutengenezwa pamoja. Toleo la moja halikubaliani na toleo jingine la mwenzake. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, 22.04 ina 2.35. Ukinakili faili moja tu, kabla hujafika ya pili `cp` yenyewe haiwaki tena.

Kuna baya zaidi. `libc.so.6` ni kiungo tu, yaani jina linaloelekeza kwenye faili nyingine. `cp` hukifuata hadi `libc-2.31.so`, inafuta yaliyomo, ndipo inaandika mapya. Programu zote zinazoendelea, pamoja na sshd (huduma ya kuingia seva kwa mbali) iliyokuingiza, zinaitumia faili hiyohiyo wakati huo. Zinaanguka.

Tumia kontena ya Docker (mazingira yaliyotengwa, yenye maktaba zake) yenye Ubuntu 22.04. Ukishindwa, jenga glibc 2.35 pembeni na uitumie kwa programu hiyo moja tu:

`/opt/glibc-2.35/lib/ld-linux-x86-64.so.2 --library-path /opt/glibc-2.35/lib ./hesabu`

Maktaba nyingine inazohitaji, kama libstdc++, ziweke humohumo. Tafadhali usiiandike njia hiyo kwenye `LD_LIBRARY_PATH` (orodha ya folda za kutafutia maktaba) ndani ya `.bashrc`, faili inayosomwa kila unapofungua terminali: kila amri itachukua libc mpya kwa `ld-linux` ya zamani, na zote zitakufa.

Aliyekwisha kufuta kiungo cha `ld-linux` kilichomo `/lib64` ataambiwa `No such file or directory` hata kwa `/bin/ls` ambayo ipo. Asifunge terminali wala asizime mashine. `cd` na `echo *` bado zinafanya kazi, kwa kuwa zimo ndani ya bash, programu inayopokea amri zako. Kama tayari ni root (msimamizi mkuu wa mashine), aandike:

`/lib/x86_64-linux-gnu/ld-2.31.so /bin/ln -sf /lib/x86_64-linux-gnu/ld-2.31.so /lib64/ld-linux-x86-64.so.2`

`sudo` haiwezi kuokolewa kwa njia hii, maana ikiitwa hivyo hupoteza mamlaka yake ya root.

Faili zenyewe zikiwa zimeharibika, washa mashine kwa flashi ya Ubuntu 20.04, pachika diski kwenye `/mnt`, fungua kifurushi cha libc6 2.31 katika folda ya pembeni, kisha rudisha faili zote mbili. `chroot` (kuingia kwenye mfumo uliomo ndani ya diski hiyo) ifanye baada ya hapo. Kabla yake, bash ya ndani haitawaka.