Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama najuta kutoshinda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako hatujambo. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka siku nne, maana ulichoniuliza hakijibiwi kwa haraka. Umesema timu ya mbio za baiskeli imekupa mkataba wa miaka 2, na wamekueleza bila kuficha kwamba hawakuchukui ili ushinde. Wanakutaka uwe msaidizi wa kiongozi wao. Halafu ukaniuliza: "Baba, wewe uliendesha misimu 9 bila kushinda hata mara moja. Hujuti?"

Kutoshinda sijutii. Ninalo jambo ninalolijutia na nitakueleza, ila si hilo.

Kwanza tuzungumze kazi yenyewe, kwa sababu wapo watakaokuhurumia bila kujua wanahurumia nini. Anayetazama mbio za baiskeli kwenye televisheni hudhani adui ni mlima. Siku nyingi adui ni hewa. Ukikaa nyuma ya gurudumu la mwenzako unajipunguzia karibu theluthi ya kazi, na ndani ya kundi kubwa unajipunguzia zaidi ya hapo. Mwaka 2018 mtafiti Bert Blocken na wenzake walipima kundi la waendeshaji 121, wakakuta kwamba waliojificha katikati na nyuma hukutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa unaompata mtu aliye peke yake. Ndiyo maana kazi ya msaidizi ipo. Katika mchezo huu nguvu zinaweza kutoka kwenye miguu ya mtu mmoja zikahamia kwenye miguu ya mwingine. Wewe utakata upepo kwa saa nne ili yeye afike chini ya mlima wa mwisho miguu yake ikiwa bado haijaguswa.

Siku ya kawaida itakuwa hivi. Utashuka hadi nyuma ya kundi, hadi kwenye gari la timu, ujaze chupa za maji mifukoni na mgongoni ndani ya jezi mpaka uonekane una nundu. Kisha upande tena mbele na mzigo huo, ukipenya katikati ya watu ambao hawataki upite. Upepo wa pembeni ukianza, kundi linakatika vipande, nawe utamweka kiongozi wako upande uliokingwa huku wewe ukikaa upande unaopigwa. Akipata pancha mahali ambapo gari haliwezi kufika upesi, gurudumu lako ni lake. Mlima ukianza utavuta mpaka miguu igome, utoke pembeni, na kuanzia hapo hakuna kamera inayokujali.

Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, na watazamaji hawaijui: kufika kabla ya muda wa kikomo. Kikomo hukokotolewa kwa asilimia ya muda wa mshindi, kulingana na ugumu wa hatua, yaani safari ya siku moja ndani ya mbio ndefu, na kasi ya siku hiyo. Ukichelewa, kesho huanzi. Katika lile kundi la nyuma, ambalo Waitaliano waliliita grupeto, timu zote huwa ndugu. Mmoja anajua mlima una kilomita ngapi, mwingine anapiga hesabu ya dakika zilizobaki, na yule aliyeishiwa kabisa tunamweka katikati tumkinge. Mimi nilikuwa mpiga hesabu. Kwa misimu 9, siku zote nilizoongoza hesabu, sikuwahi kukosea tukachelewa. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha matokeo, lakini wapo watu waliomaliza mbio za wiki 3 kwa sababu yangu, na bado wananipigia simu.

Utaonyeshwa picha ya René Vietto. Katika Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, ya 1934, akiwa na miaka 20, alimpa kiongozi wake Antonin Magne gurudumu la mbele, akabaki amekaa juu ya ukuta wa mawe analia. Magne alishinda mashindano, Vietto akawa wa 5. Waandishi wanaipenda picha hiyo. Mimi siipendi, kwa sababu inamfanya msaidizi aonekane mtu wa kuliliwa. Napenda zaidi habari ya Mathew Hayman, mvutaji wa wenzake miaka mingi, ambaye mwaka 2016 alivunjika mkono wiki 6 hivi kabla ya Paris–Roubaix, mbio za siku moja, akafanya mazoezi nyumbani juu ya baiskeli isiyosogea, kisha akaenda na kumshinda bingwa wa zamani Tom Boonen ndani ya uwanja wa Roubaix. Alikuwa na miaka 37, na ilikuwa mara yake ya 15 kuendesha mbio hizo. Au Sepp Kuss: mwaka 2023 alimsaidia Primož Roglič kushinda Giro d'Italia ya Italia, akamsaidia Jonas Vingegaard kushinda Tour, na Vuelta ya Hispania ilipofika akashinda yeye, hao wawili wakimfuata katika nafasi ya 2 na ya 3. Lakini usisaini kwa kutegemea bahati ya namna hiyo. Tunazisimulia kwa sababu ni chache.

Kuhusu pesa sitakuchosha. Jina lako halitasomwa, ila zawadi ya kiongozi kwa desturi huingia kwenye chungu cha timu na kugawanywa, na mafundi na wakandaji hupata sehemu yao. Na mkataba wa miaka 2 si fadhila ya timu. Ni kanuni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kwa anayeingia mara ya kwanza kwenye ngazi za juu akiwa bado kijana, kwa hiyo usimshukuru mtu kwa hilo.

Kuhusu dawa zilizokatazwa michezoni nasema kidogo kwa sababu najua ulivyo. Kila siku ya mwaka utaandika muda wa dakika 60 na mahali ambapo wapimaji watakukuta. Makosa 3 ya kutopatikana ndani ya miezi 12 ni kosa la dawa, hata kama damu yako ni safi kama maji ya mvua. Nimewaona vijana waliosahau tu kubadilisha anwani. Weka kengele kwenye simu.

Sasa lile ninalolijutia.

Ilikuwa msimu wangu wa 6, hatua ya 4 ya mbio za wiki moja, mvua inanyesha. Kwenye kipilefti gurudumu langu liligusa la mbele yangu, nikaenda chini kwa kichwa. Helmeti ilipasuka vipande viwili. Mkuu wetu alishusha kioo cha gari akauliza kama baiskeli iko sawa. Nikasema iko sawa. Wakanipa helmeti nyingine, nikaendesha kilomita 60 zilizobaki kwa sababu kiongozi wetu hakuwa na mtu wa kumkinga. Mstari wa kumalizia siukumbuki. Usiku mama yako alinipigia simu, nikamuuliza swali lile lile mara tatu. Na asubuhi nikaanza tena.

Sikulazimishwa. Ningesema neno moja tu, "kichwa," ningekuwa nimesimama. Niliona aibu kuacha kazi ya mwingine katikati.

Ulikuwa na miaka 4. Huenda unakumbuka chumba chenye mapazia yaliyofungwa mchana. Mwanga uliniumiza, sauti ziliniumiza, na kwa miezi 3 ulijifunza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yako mwenyewe. Siku moja uliangusha kikombe, ukaja mlangoni kuniomba radhi kwa kunong'ona. Hilo ndilo najutia, mwanangu. Miguu yangu niliikodisha kwa hiari, na waliikodi kwa bei tuliyokubaliana. Kichwa changu hakikuwamo kwenye mkataba, na wewe hukuwamo.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Helmeti zilifanywa lazima mwaka 2003 baada ya kifo cha mwendeshaji Andrei Kivilev katika mbio za Paris–Nice, na tangu 2021 UCI ina utaratibu wa kumpima mwendeshaji anayedhaniwa kupata mtikisiko wa ubongo. Ila mbio hazisimami ukipimwa. Katika mpira wa miguu daktari huingia uwanjani, mchezo ukasubiri. Sisi, ukikaa dakika 2 pembeni ya barabara, kundi limeshapotea, na kila mshipa wako unakwambia upande baiskeli. Kwa hiyo uamuzi huo ufanye leo, ukiwa umekaa kitini na akili yako timamu. Usingoje kuufanya ukiwa umelala kwenye lami.

Jibu langu ni kwamba saini, mwanangu, ukiwa na furaha. Ila kabla ya kusaini waulize mtu akianguka kwa kichwa, neno la mwisho ni la daktari au la mkuu aliye garini, na waandike jibu hilo. Uliza pia mshahara unakuwaje ukikaa nje miezi 3. Wakikwepa, nipigie kabla hujashika kalamu.

Nitumie kurasa za bima, zote, hata zile za maandishi madogo. Nitazisoma usiku uleule. Mama yako anauliza kama utapita nyumbani kabla ya kambi ya mazoezi. Anataka siku mbili tu.

Baba yako