Ukienda Wilsede, acha gari Undeloh

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi Juni. Nilikuwa sijamaliza mwaka Hamburg, na picha za vilima vya zambarau nilikuwa nimeziona kila mahali, nikaamini rangi ile ipo siku zote kama bahari ilivyopo. Nilikuta vilima vya kahawia, vichaka vilivyonifika chini ya goti, na upepo. Nikageuza nikarudi nyumbani kabla ya saa saba mchana. Tangu hapo nimerudi zaidi ya mara kumi, na Agosti iliyopita nilimpeleka mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Marangu. Ndugu wengi wa huku kaskazini mwa Ujerumani wananiuliza wageni wao wawapeleke wapi mbali na bandari na maduka. Jibu langu ni hilihili kila mara: wapeleke Wilsede.

Wilsede ni kijiji kidogo mno, wakazi wake ni kama 40 tu, kusini mwa Hamburg katikati ya nyika inayoitwa Lüneburger Heide. Magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia. Unaliacha gari Undeloh upande wa kaskazini, au Oberhaverbeck upande wa kusini, kisha unatembea, unaendesha baiskeli au unapanda gari la farasi. Kutoka Undeloh kwa miguu ni saa moja na kitu kwa mwendo wa kuzungumza. Kabla hujaanza safari, pita kwenye kanisa dogo la Undeloh uone mnara wa kengele wa mbao uliosimama peke yake kando ya jengo. Dakika kumi zinatosha.

Usiponisikiliza kwa mengine yote, nisikilize kuhusu tarehe. Wenyeji wana hesabu yao rahisi: tarehe 8 mwezi wa 8 hadi tarehe 9 mwezi wa 9. Huo ndio msimu wa maua ya zambarau, na hata humo mvua ndiyo inayoamua. Mwaka wa ukame maua hutoka hafifu. Tena usiende Jumapili ya katikati ya Agosti, maana utawaona watu kuliko maua. Nenda siku ya kazi, na ufike mapema kabla ukungu haujainuka mabondeni. Tulifika na mama saa mbili na nusu asubuhi, na kwa karibu saa nzima njia ilikuwa yetu peke yetu.

Jambo lililonigeuza mimi, kutoka mtu aliyenuna hadi mtu wa kurudi kila mwaka, ni kuelewa kwamba nyika hii si pori. Mwenyewe nilidhani nimeletwa kutazama pori. Ardhi hii iliachwa na barafu ya kale, ni mchanga mtupu, na zamani ilikuwa msitu. Watu waliukata, wakachunga, wakachunga tena. Wakulima wa hapa walikuwa wakichimba tabaka la juu la udongo pamoja na mizizi yake, wakalitandika zizini, likishalowa kinyesi wakalipeleka shambani kuwa mbolea ya kulimia nafaka ziitwazo Roggen na Buchweizen. Ardhi iliyochunwa namna hiyo kwa karne nyingi haikuweza kuotesha kitu zaidi ya kichaka hiki kigumu, ambacho Wajerumani wanakiita Heide. Ukiacha kuishughulikia kwa miaka michache tu, miti inarudi na maua yanakwisha.

Ndiyo maana watafute kondoo. Wanaitwa Heidschnucken: manyoya marefu ya kijivu, uso na miguu myeusi, pembe kwa dume na kwa jike. Wanakula machipukizi ya Heide, kichaka kinabaki kifupi na kinachipua upya. Tulilikuta kundi karibu na kijiji, na mama, ambaye amefuga maisha yake yote, hakutaka kupita bila kuzungumza na mchungaji. Nikawa mkalimani.

"Muulize, mbona amechanganya mbuzi humu ndani?"

Mchungaji akacheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mgeni wa Hamburg. Akaeleza kwamba kondoo hawaimalizi miti midogo inayoota, lakini mbuzi huibambua magome hadi ikauke. Akaongeza kwamba kundi linapopita asubuhi linakata tando za buibui, na nyuki wanapata njia ya kwenda kwenye maua. Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Huyu ni mtu wa kazi." Tulisimama pale nusu saa. Ukimkuta mchungaji, msalimie kwanza. Salamu ya huku ni "Moin", asubuhi hata jioni, na inafungua mazungumzo kuliko Kijerumani sanifu cha darasani.

Mwendo mfupi kusini mwa kijiji kuna Totengrund, bonde lenye umbo la bakuli, lenye miti mirefu myembamba ya kijani kibichi iliyosimama mmoja mmoja kama watu wanaongoja. Ni jamaa ya mtarakwa wetu wa milimani. Jina la bonde maana yake ni bonde la wafu. Wengine husema majeneza yalipitishwa hapa kwenda kuzikwa Bispingen, wengine husema lilikuwa tu ardhi mfu isiyomfaa mkulima. Kaa ukingoni, usiharakishe, kisha fikiria kwamba mwaka 1906 bonde hili lilikaribia kugawanywa viwanja vya nyumba za mapumziko. Mchungaji wa kanisa la Egestorf, Wilhelm Bode, ndiye aliyehangaika. Alimpata profesa mmoja wa Münster, Andreas Thomsen, aliyetoa mark 6,000, na bonde likanunuliwa. Mwaka 1909 ikaanzishwa jumuiya ya kuhifadhi maeneo ya asili, ambayo mwaka uliofuata ilinunua kilima cha jirani, na ndiyo inayotunza sehemu kubwa ya nyika mpaka leo. Ninapokaa pale humfikiria sana yule mchungaji wa kanisa la kijijini. Hakuwa na fedha wala cheo kikubwa. Aliandika barua, akabisha hodi.

Kilima chenyewe ni Wilseder Berg, mita 169. Kwa mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro, usikipime kwa urefu. Hiki ndicho cha juu kuliko vyote katika nyika hii, na siku ya anga safi unaiona minara ya Hamburg. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikitumia katika miaka ya 1820 alipokuwa akipima ufalme wa Hannover kwa pembetatu, akilenga kutoka kilele hadi kilele. Jiwe la kumbukumbu yake lipo pale juu. Mama aliguswa zaidi na vichaka: alisema vinamkumbusha sehemu ya juu ya Mlima, msitu unapokwisha. Hakukosea, kwa kuwa mimea ile ya Kilimanjaro ni ya ukoo mmoja na hii ya huku.

Lakini alipokaa kimya kabisa ni ndani ya makumbusho ya kijiji, Dat ole Huus. Hicho ni Kijerumani cha kaskazini, maana yake nyumba ya kale. Ni nyumba ya mkulima ya karne ya 18, iliyoletwa hapa kutoka kijiji cha jirani na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1907. Paa ni la nyasi. Unaingia kwa mlango mkubwa wa kupitisha mkokoteni, ng'ombe walikuwa pembeni kushoto na kulia, na mwisho wa ukumbi kuna jiko la moto wazi lisilo na bomba la moshi. Moshi ulipanda wenyewe kwenye dari, ukikausha nyama iliyoning'inizwa na kufukuza wadudu. Mama alisimama mbele ya jiko lile akaangalia juu.

"Mwanangu, hawa nao walilala na ng'ombe wao."

Kisha akanisimulia nyumba ya msonge ya bibi yake, ng'ombe upande mmoja na watoto upande mwingine, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka yangu yote. Ikiwa una mzazi au mzee wa kwenu aliyekutembelea, mlete hapa kabla hujampeleka kwenye jumba lolote la kifahari. Mpe muda, usimwongoze sana.

Yaliyobaki ni ya safari. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana njia ni za mchanga na mawe. Vaa soksi ndefu na mkague mtoto kupe jioni, kwani kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme. Usiache njia: kuna kifutu mdogo wa huku, na kuna kwale adimu wanaotaga chini ambao hawahitaji kukanyagwa. Chukua fedha taslimu. Ukiwa huna gari, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Oktoba kuna basi la bure liitwalo Heide-Shuttle linalozunguka vijiji na kubeba baiskeli, ila hakikisha unajua saa ya basi la mwisho. Mimi niliwahi kuachwa, nikatembea gizani hadi Undeloh na mtoto mgongoni. Mzee asiyeweza kutembea, mpandishe gari la farasi mapema asubuhi, kwa sababu mchana foleni ni ndefu.

Kama una siku ya pili, Pietzmoor karibu na Schneverdingen ni kinamasi cheusi chenye njia ya mbao, kizuri zaidi Mei pamba-mwitu zinapochanua nyeupe. Upande huohuo wa Schneverdingen vifaru vya Waingereza vilifanya mazoezi hadi 1994, na palibaki mchanga mtupu. Ukipita leo usipoambiwa hujui.

Mama alitaka kuchuma kijitawi akipeleke nyumbani. Nikamzuia, kwa kuwa ni hifadhi. Badala yake tulinunua chupa ya asali ya Heide. Nyuki hawa zamani waliwekwa katika mizinga ya majani yaliyosukwa, na asali yao ni nzito ajabu, haimiminiki mpaka uikoroge. Chupa ilifika Marangu salama. Juzi alinipigia simu: wajukuu wameigeuza juu chini, wanangoja itoke, naye amewaambia wachukue kijiko.